Mjomba, nimengoja wimbo mmoja miaka sita. Wasipoupiga je?

BARUA

Mjomba, shikamoo.

Naishi New Jersey, na kwa miaka sita sasa nawasikiliza Phish, bendi ya roki ya Marekani, karibu kila siku nikienda na kurudi kazini. Nyumbani hakuna anayenielewa. Wenzangu wanasema nyimbo zao haziishi, na mume wangu akiingia garini kitu cha kwanza ni kubadilisha muziki. Mimi nawapenda, na kati ya nyimbo zao zote hakuna unaofikia Harry Hood. Wimbo huo umenitoa mbali.

Hatimaye nimepata tiketi mbili za ukumbi wa Madison Square Garden, New York, usiku wa Desemba 30, ambao ni wa tatu kati ya minne. Itakuwa mara yangu ya kwanza kuwaona. Mume amekubali kunisindikiza. Badala ya kufurahi, nimeanza kukosa usingizi.

Kwanza, nasikia hawana orodha maalumu ya nyimbo, kila usiku ni tofauti. Je, nikitoka bila kuusikia Harry Hood? Pili, viti vyetu viko juu, sehemu za 200, mistari ya nyuma, na kuna shabiki mmoja kazini anasisitiza nishuke chini mbele ya jukwaa kwa gharama yoyote, la sivyo ni kazi bure. Tatu, wanaokwenda huko wameshawaona mara hamsini, mara mia. Wana ishara zao na makofi yao. Naogopa kuonekana mgeni. Nne, huyu mume wangu, nimfanyeje asichoke wimbo mmoja ukifika dakika ya ishirini? Na mwisho, nirekodi kwa simu au niache?

Nielekeze, mjomba.

Mpwa wako, New Jersey

JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na hilo linalokukosesha usingizi, kwa sababu nusu ya jibu lake utakuwa nalo kabla hujatoka nyumbani. Phish wakikaa ukumbi mmoja usiku kadhaa mfululizo, hawarudii wimbo ila kwa nadra sana. Mwaka 2017 walikaa hapo hapo Madison Square Garden usiku 13, kuanzia Julai 21 hadi Agosti 6, wakapiga nyimbo 237 bila kurudia hata mmoja. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 30 fungua tovuti ya mashabiki, Phish.net, usome orodha za nyimbo zilizopigwa tarehe 28 na 29. Ukiukuta Harry Hood umeshapigwa, jua usiku wako haumo. Huzunika hapo hapo nyumbani, umalize, uende ukumbini moyo ukiwa mwepesi. Usipoukuta, zimebaki nafasi mbili tu za wao kuupiga, usiku wako na mkesha wa mwaka mpya, na una haki kabisa ya kutumaini.

Wapo watakaokuambia usiangalie orodha ili kila wimbo ukushtue. Kwa mtu aliyewasikia mara kumi ushauri huo unafaa. Kwako wewe haufai. Mtu anayengojea wimbo mmoja husikiliza mingine yote kwa sikio moja, na utashangaa jinsi saa mbili nzima zinavyoweza kupita ukisubiri kitu ambacho kilishapita juzi.

Ukizisoma orodha hizo, tazama alama kati ya nyimbo. Mkato wa kawaida maana yake walisimama. Alama ya > maana yake waliingia wimbo unaofuata bila kusimama. Mshale, ->, maana yake nyimbo mbili ziliyeyuka moja ndani ya nyingine hata huwezi kuonyesha mpaka. Usiku wenye mishale mingi kwenye awamu ya pili (onyesho lina awamu mbili, na mapumziko katikati) kwa kawaida ni usiku ambao bendi ilikuwa inasikilizana vizuri.

Sasa, kitu unachokwenda kukiona. Wiki hii fanya zoezi moja tu. Sikiliza Tweezer wa albamu ya A Picture of Nectar ya mwaka 1992, usiofika dakika 9. Kisha sikiliza Tweezer wa Julai 31, 2013, uliopigwa Stateline, Nevada, kando ya ziwa Tahoe, unaozidi dakika 35. Maneno ni yale yale na mwanzo ni ule ule. Kilichoongezeka chote kilibuniwa pale pale jukwaani mbele ya watu. Hiyo ndiyo jamu, na ndiyo kazi ambayo watu hawa wanne wamekuwa wakiifanya tangu walipoanza Burlington, Vermont, mwaka 1983. (Kwa usahihi, Page McConnell wa kinanda aliingia mwaka 1985.) Usijaze kichwa kwa kukariri nyimbo hamsini. Wana mamia, na hutazimaliza. Wimbo mmoja uliousikia kwa sura mbili au tatu utakufundisha zaidi.

Wewe unajua sebene. Maneno yakiisha, gitaa la solo linashika mzunguko wake na watu wanaingia kucheza. Jamu huanza hivyo hivyo, lakini mashabiki wa Phish huigawa aina mbili. Ya kwanza hubaki ndani ya nyumba ya wimbo: mzunguko wa sauti ni ule ule, mdundo ni ule ule, na kinachopanda ni joto. Harry Hood kwa asili yake ni wa aina hii. Baada ya maneno kuna sauti tatu zinazozunguka, wanaanza chini kabisa, karibu kimya, wanapanda ngazi kwa ngazi hadi kileleni. Aina ya pili huvunja ukuta ikatoka nje: ufunguo unabadilika, mdundo unabadilika, na baada ya dakika kumi huwezi tena kusema mlianza na wimbo gani. Miaka ya karibuni hata Harry Hood hutoka nje mara mojamoja. Kwa hiyo hata ukipigwa, hautakuwa ule wa garini. Afadhali ulijue hilo mapema, usije ukausahihisha kichwani wakati wao wanaupika.

Utajuaje kwamba wanatoka? Mtazame Trey Anastasio, mpiga gitaa. Akiacha kupiga solo ndefu akaanza kudonoadonoa gitaa kwa mkono wa mdundo, amewaachia wenzake nafasi. Mtazame Page akiinua mkono kutoka kwenye piano na kugeukia kinanda kingine, maana akibadilisha chombo, rangi ya kila kitu inabadilika. Msikilize Jon Fishman, mpiga ngoma, akihama kutoka kwenye matoazi kwenda kwenye ngoma za chini. Zaidi ya wote, msikilize Mike Gordon. Mpiga besi akihamisha sauti ya msingi, nyumba nzima imehama, hata kama gitaa bado linasema maneno ya zamani. Ukipotea katikati ya jamu, na utapotea, shika besi. Achana na vingine vyote kwa dakika moja, fuata besi peke yake, utarudi njiani.

Na lazima nikuambie kwamba si kila jamu hufika. Watu wanne wanaobuni bila karatasi kuna wakati hawaelewani. Mmoja anavuta huku, mwingine kule, sauti inakonda, kisha Trey anaanzisha wimbo mwingine ghafla juu ya mabaki. Mashabiki hufananisha tendo hilo na kuvuta kamba ya parachuti, na wengine hulikasirikia kweli kweli. Likitokea, usidhani umekosa kuelewa kitu. Umeelewa sawasawa, jamu imekufa. Bendi isiyokubali kufeli mbele ya watu haiwezi kukupa zile dakika 35 za Tahoe.

Viti. Usibadilishe. Rafiki yako wa kazini anakupenda, ila kwa mara ya kwanza hapo juu ni pazuri kuliko anavyodhani. Ukiwa mbele kabisa unasikia ngoma na vikuza sauti vya jukwaani moja kwa moja, ilhali mchanganyiko kamili umetengenezwa kwa ajili ya ukumbi mzima. Tena taa za Phish ni nusu ya onyesho. Chris Kuroda anaziendesha tangu mwaka 1989, naye huzibadilisha kwa mkono akifuata jamu inavyokwenda, bila mpango uliorekodiwa. Aliye chini ya taa anaona mwanga tu. Aliye mbali na juu anaona umbo. Kasoro ya mistari ya nyuma ya sehemu za 200 ni moja: pale Madison Square Garden kuna madaraja ya watazamaji yaliyoning'inia juu ya ukumbi, na ukiwa nyuma sana yanakukatia sehemu ya juu ya mandhari. Mkifika, kaeni, halafu simameni, mtazame jukwaa na taa zilizo juu yake. Kama jukwaa lote linaonekana, tulieni. Viti ambavyo ningekushauri uviuze ni vya nyuma ya jukwaa, kwa sababu huko sauti hufika imepinda. Endapo siku nyingine utataka kubadilishana, pitia tovuti ya CashOrTrade, ambako mashabiki huuziana kwa bei iliyoandikwa kwenye tiketi, wala usinunue picha ya skrini kutoka kwa mtu wa barabarani. Tiketi za simu huwa na msimbo unaobadilikabadilika, na picha haipiti mlangoni. Kwa sababu hiyo hiyo, mtumie mume tiketi yake kwenye simu yake mkiwa bado nyumbani, na kila mmoja aifungue kabla ya kufika kwenye foleni, kwa kuwa mtandao huzidiwa pale mlangoni.

Jambo moja lisikutishe: watu wote wakirukaruka pamoja, huko juu utahisi sakafu ikidunda chini ya miguu. Ukumbi huo unajulikana kwa hilo.

Masikio nitayakalia kidogo, kwa sababu wageni wengi huyasahau, kisha wanashinda siku inayofuata na mlio usiokoma. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila sauti ikipanda desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 94 ni saa 1, kwa 100 ni dakika 15. Muziki wa ukumbini kufika 100 si ajabu, nanyi mtakuwa humo karibu saa 3. Nunua vizibo vya masikio vyenye kichujio, vile vya wanamuziki, jozi mbili. Hivi hupunguza sauti nzito na nyembamba kwa uwiano unaokaribiana, kwa hiyo unasikia muziki ule ule kwa sauti ya chini. Vya sponji hukinga vizuri lakini hufuta sauti nyembamba, na matoazi yanageuka kama yanapigwa chini ya blanketi. Kama vya sponji ndivyo mlivyo navyo, vivaeni ipasavyo. Kiviringishe kati ya vidole hadi kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 mpaka kivimbe. Kikiwa nusu kiko nje, hakikukingi. Vivaeni kabla ya noti ya kwanza, msisubiri masikio yaume. Na jaribuni nyumbani siku mbili kabla, msije mkahangaika gizani.

Mpango wa usiku wenyewe ni huu. Awamu ya kwanza huwa kama dakika 70 hadi 90, nyimbo nyingi na fupi kiasi. Mapumziko ni karibu nusu saa, wakati mwingine zaidi. Kisha awamu ya pili, ambako nyimbo ni chache na jamu ndefu hukaa, halafu nyongeza. Foleni ya choo huwa mbaya zaidi dakika kumi za mwanzo wa mapumziko, basi kaeni mpumzike kwanza, mwende baadaye kidogo, na muwe mmerudi kabla taa hazijazimwa. Anayetoka katikati ya awamu ya pili ndiye anayekosa. Kuleni kabla ya kuingia, na kunyweni maji, maana mtacheza kuliko mnavyotarajia. Nje ni Desemba, ndani ni joto: vaa nguo za tabaka na koti linalokunjika likakaa chini ya kiti.

Kuhusu ugeni, sikiliza. Ishara zao zinafunzwa kwa dakika tano. Wimbo wa Wilson ukianza, kuna noti mbili nzito na ukumbi mzima unaimba jina hilo. Kwenye Stash kuna mahali pa makofi, na utapasikia. Kwenye Harry Hood bendi inaita "Harry" na watu wanaitikia "Hood", na wewe hilo unalijua usingizini. Kwenye jamu yake utaona vijiti vya mwanga vikirushwa hewani, mtindo ulioshika tangu tamasha lao la Great Went, Maine, Agosti 1997. Vinapendeza, ila vikirudi chini huumiza, kwa hiyo kinga macho, na ukikiokota kimoja usikirushe kuelekea jukwaani. Basi. Hakuna atakayekuuliza umewaona mara ngapi ili akudharau, na ukisema ni mara ya kwanza, kuna uwezekano mkubwa jirani yako afurahi kuliko wewe. Kinachowaudhi mashabiki hao ni maongezi wakati muziki umeshuka chini. Harry Hood ukifika pale karibu kimya, nong'ona lako moja linasikika mistari minne.

Mtu yeyote akikushikashika kwenye msukumano wa kucheza, huna wajibu wa kumvumilia. Mwite mhudumu wa ukumbi. Kuna pia kundi la mashabiki liitwalo GrooveSafe linalopambana na tabia hiyo kwenye maonyesho ya namna hii. Na nje ya ukumbi mkisikia mtungi ukitoa mlio wa upepo na mtu akiuza puto, piteni. Ni gesi ya nitrasi. Huondoa oksijeni, mtu huanguka kichwa chini juu ya lami, na kuitumia mara kwa mara huharibu kazi ya vitamini B12 mwilini hadi mishipa ya fahamu ikaumia. Vivyo hivyo kidonge au kinywaji cha mtu usiyemjua, hapana.

Mume. Usimfundishe. Ukimweleza jamu ikiwa inaendelea, utakuwa umeharibu usiku wa watu wawili. Mwambie mambo machache kabla: kwamba kuna mapumziko, kwamba anaruhusiwa kukaa kitini hata wote wakiwa wamesimama, na kwamba kama muziki haumwingii atazame taa. Mwonyeshe Fishman, yule mpiga ngoma aliyevaa gauni lenye duara nyekundu, ambaye usiku mwingine husogea mbele kupiga mashine ya kufyonza vumbi kwa mdomo. Wakipiga You Enjoy Myself, Trey na Mike huruka kwenye trampolini huku wakipiga vyombo vyao. Mtu asiyependa bendi hii kwa masikio mara nyingi huanza kuipenda kwa macho. Kubalianeni pia mahali pa kukutana mkipotezana, kwa namba ya sehemu iliyoandikwa ukutani, kwa sababu kupigiana simu humo ndani ni bahati nasibu.

Simu yako, iache mfukoni. Rekodi rasmi ya kila onyesho huwekwa LivePhish, tovuti ya bendi yenyewe, baada ya muda mfupi, imepita kwenye mitambo yao, na hakuna simu itakayoifikia. Isitoshe, skrini inayowaka gizani inamkata aliye nyuma yako. Ukitaka kumbukumbu, piga picha moja taa za ukumbi zikiwa zinawaka, kisha uizime simu. Ukiona watu wamesimamisha maikrofoni kwenye vyuma virefu, hao ni mashabiki wanaorekodi kwa ruhusa ya bendi. Usipige makofi wala kelele karibu na maikrofoni hizo.

Mwisho ni treni. Stesheni ya Penn iko chini ya ukumbi huo huo, na treni za New Jersey zinaondokea hapo. Onyesho linaweza kupita saa tano usiku, kwa hiyo andika kwenye karatasi treni mnayoitaka na ile inayofuata, na moyoni jipangie hiyo inayofuata. Utaona watu wakianza kushuka ngazi awamu ya pili ikielekea kuisha ili wawahi. Msiwafuate. Harry Hood hupenda kukaa mwishoni mwa awamu ya pili, na pengine hata kwenye nyongeza, kwa hiyo bakini kitini mpaka taa za ukumbi ziwashwe zote.

Mjomba